Mstari usioingia kwenye bafa huenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu somo la C, lugha ya kuandikia programu, lililotoka kwenye safu yako ya kompyuta, na kuhusu barua ya msomaji mwenzangu aliyelisahihisha wiki iliyofuata. Mwandishi wa safu alikosea. Msomaji akamsahihisha, akapatia nusu. Nusu iliyobaki iliwahi kunitia aibu mbele ya watu, kwa hiyo naijua vizuri.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Programu inamuuliza mtu jina lake, kisha inamsalimia. Mistari miwili ndiyo iliyonishtua, wa kwanza unatenga bafa, yaani nafasi ya herufi 20 kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na wa pili unasoma jina na kuliweka humo:

    char jina[20];
    gets(jina);

Chini yake mwandishi akaeleza kwamba zipo njia salama zaidi, ila kwa anayeanza hii inatosha, tutairekebisha mbele ya safari. Mhariri, nimeishi kwa kuandika C kwa zaidi ya miaka 20, na hiyo mbele ya safari nimeingoja sana, haifiki. Programu ya mazoezi hunakiliwa, hubadilishwa jina, huongezewa menyu, na siku moja unaikuta inaendesha kazi za watu huku ile gets ikiwa imekaa pale pale ilipowekwa siku ya kwanza.

Ubaya wa gets, ambayo ni fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake) ya kusoma mstari, ni kwamba huambiwa kitu kimoja tu: mahali pa kuanzia kuandika. Haiambiwi pana nafasi ya herufi ngapi, wala haina njia ya kujua, kwa sababu katika C arei (nafasi zilizopangwa mfululizo, kama hiyo jina[20]) ikishapelekwa kwa fanksheni hugeuka kuwa anwani tupu. Basi itaandika mpaka mtu abonyeze Enta. Akiandika herufi 19, salama. Nafasi ya 20 ni ya baiti ya sifuri inayofunga maneno. Akiandika 60, zile 40 na ushei zitaandikwa juu ya chochote kilicho jirani, na mara nyingi miongoni mwa majirani hao imo anwani ambayo fanksheni itairudia ikimaliza kazi yake. Mtu anayejua anachokifanya huweka hapo anwani anayoitaka yeye, na kuanzia hapo kompyuta ni yake.

Wala hili si la kufikirika. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe, kwenye intaneti ya wakati ule. Mojawapo ya milango aliyoupitishia ilikuwa programu iitwayo fingerd kwenye mashine za VAX. Programu hiyo ilisoma ombi kwa gets, ikaliweka ndani ya bafa ya baiti 512. Mnyoo ukaipelekea baiti 536. Zile baiti 24 za ziada zilitosha. Morris alipewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050. gets yenyewe haikuguswa: ilikuwamo katika kiwango rasmi cha C cha 1989, ikaendelea kuwamo katika kile cha 1999, na ikaja kuondolewa 2011. Miaka 23 baada ya mnyoo.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Dawa aliyoiandika ni hii:

    fgets(jina, sizeof jina, stdin);

akamalizia kwamba kwa mstari huo "tatizo limekwisha". Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

fgets inapewa ukubwa wa bafa. Ukiiambia 20, itasoma herufi zisizozidi 19, itafunga kwa sifuri, na haitavuka mpaka hata mtu aegemee kibodi. Ikikutana na alama ya mstari mpya kabla nafasi haijaisha, itasimama hapo, na alama hiyo itaibakiza ndani ya bafa. Kumbukumbu ya kompyuta iko salama, hilo halina ubishi. Lakini mstari ukiwa mrefu kuliko bafa, yale mabaki hayatupwi. Yanabaki foleni yakingoja, na fgets itakayofuata itayachukua kana kwamba ni mstari mwingine kabisa ulioandikwa na mtu.

Nilijifunza hili mwaka 2003. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika programu ya kusajili wanachama wa maktaba ya chuo kimoja. Kila fomu ilikuwa na mambo matatu: jina, namba ya kadi, idadi ya vitabu alivyoazima mtu. Mimi kijana mwenye kujiona nimekomaa, nilishaisoma habari ya gets nikaiacha zamani. Nilitumia fgets kila mahali, bafa moja ya baiti 24, na maandishi ya namba nikayageuza kuwa namba kwa fanksheni ya atoi. Nilimkabidhi programu dada wa mapokezi pamoja na rundo la fomu 140, nikaenda zangu.

Siku ya pili akanipigia simu. "Kaka, hii programu yako imemsajili mtu anaitwa Mbili."

Nikamwambia asome vizuri.

"Nimesoma. Jina, 2. Kadi, 0. Na ameazima vitabu 4,418."

Nilipofika nilikuta rejista nzima imevurugika, na kilichonichanganya zaidi ni kwamba ilivurugika kwa mpango. Kundi la kwanza la wanachama lilikuwa safi. Kisha kundi la watu wanaoitwa 2, 1, 3, 1, wote kadi zao 0, wote wameazima maelfu ya vitabu. Kisha kundi la watu wanaoitwa 4431, 4432, wenye kadi namba 1 au 2 na wasioazima hata kitabu kimoja. Halafu, bila maelezo, mambo yakawa safi tena, isipokuwa mtu mmoja mwenye jina la silabi mbili ambazo hazikuwa jina la mtu yeyote duniani.

Nilikaa na rundo la fomu na kalamu ya risasi mpaka nikaiona. Kila kundi lilianza kuharibika kwenye fomu ya mtu mwenye jina refu. Yule wa kwanza alikuwa na majina matatu kamili, na kwenye rejista jina lake lilikuwa limekatika baada ya herufi ya 23. fgets ilichukua 23, ikaacha mkia. Programu ikauliza namba ya kadi, na kabla dada hajagusa kibodi, fgets ya pili ikauchukua mkia ule ukawa ndio jibu. atoi ikipewa maneno yasiyo namba hurudisha 0, hailalamiki. Kadi ikawa 0. Programu ikauliza vitabu vingapi. Dada, ambaye macho yake yalikuwa kwenye fomu na si kwenye kioo, akaandika namba ya kadi, 4417. Ndiyo ikawa idadi ya vitabu. Kisha akaandika 2, idadi halisi ya vitabu, na programu, iliyokwishahamia kwa mwanachama mwingine, ikapokea jina: 2.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa kimesogea hatua moja. Jina refu la pili likakisogeza hatua ya pili, ndio wakatokea wale walioitwa 4431. Jina refu la tatu likamaliza mzunguko, mambo yakarudi mahali pake, na yule wa silabi mbili akawa ni mkia wa jina hilo. Programu haikuzima hata mara moja. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Na kwa kuwa majina yaliyoangukia kwenye namba yaligeuzwa kuwa 0, hayakuweza kurudishwa. Fomu 140 ziliandikwa upya, na aliyeziandika ni mimi.

Ndiyo maana nasema msomaji mwenzangu alipatia nusu. fgets ililinda kumbukumbu ya kompyuta, haikuilinda rejista. Ingekuwa gets, pengine programu ingezimika mbele ya dada saa hiyo hiyo na tungejua. (Pengine. gets huweza pia kunyamaza wiki nzima.) Anayesoma mstari kwa C ana swali moja la kujibu kabla hajaandika chochote: mstari usioingia, nitaufanya nini? Unaweza kuukataa, unaweza kuukata ukatupa mabaki na kumwambia mwandishi wake, unaweza kutafuta bafa kubwa zaidi. Usichoweza ni kutojibu, maana ukinyamaza C itakujibia.

Hii ndiyo fanksheni ninayoitumia mimi, na sioni kwa nini anayeanza asipewe hii siku ya kwanza akaambiwa ainakili kama ilivyo mpaka atakapoielewa:

    int soma_mstari(char *bafa, int ukubwa, FILE *faili)
    {
        if (fgets(bafa, ukubwa, faili) == NULL)
            return -1;
        size_t n = strcspn(bafa, "\n");
        if (bafa[n] == '\n') {
            bafa[n] = '\0';
            return 1;
        }
        int c, ziada = 0;
        while ((c = getc(faili)) != '\n' && c != EOF)
            ziada = 1;
        return ziada ? 0 : 1;
    }

(Mhariri, nakuomba sana mpangaji wa kurasa asizigeuze alama za nukuu kuwa zile zilizopinda. Somo lililopita zilipinda, na nina hakika wapo vijana waliokesha wakiuliza kwa nini kompaila, ile programu inayotafsiri C kwa kompyuta, inawakatalia.)

Ikirudisha 1, mstari umeingia wote. Ikirudisha 0, umekatwa na mabaki yamekwisha kumwagwa, kwa hiyo swali litakalofuata halitakuta mkia wa mtu. Ikirudisha -1, hakuna kilichosomwa: faili limekwisha au pametokea kosa, na kilichomo ndani ya bafa usikitegemee. Wengi huandika fgets bila kuangalia inarudisha nini, kisha hushangaa mstari wa mwisho wa faili unatokea mara mbili. Haukutokea mara mbili. Usomaji wa mara ya pili ulishindikana, bafa ikabaki na yaliyokuwamo.

Hapo kwenye strcspn watu wengi huandika hivi badala yake:

    bafa[strlen(bafa) - 1] = '\0';

Nia ni kuondoa alama ya mstari mpya, na sababu ya kuiondoa ni ya kweli: bila kuiondoa, mtu akijibu ndiyo na wewe ukalinganisha kwa strcmp na neno "ndiyo", hayatalingana kamwe, kwa sababu alichokupa ni ndiyo pamoja na Enta yake. Lakini mstari ule unadhani herufi ya mwisho ni mstari mpya siku zote. Mstari uliokatwa hauna. Mstari wa mwisho wa faili mara nyingi hauna. Hapo unakata herufi halali: soma inakuwa som. Na bafa ikianza na baiti ya sifuri, strlen, inayohesabu urefu, inarudisha 0, ukitoa 1 umekwenda kuandika nje ya bafa, yaani umerudi kule kule tulikomfukuzia gets. strcspn haina shida hiyo. Inakuambia mstari mpya uko wapi, na kama haupo inakuonyesha mwisho wa maneno.

Angalia pia kwamba c ni int, si char. Si mapambo. EOF, ishara ya mwisho wa faili, ni namba hasi, nje ya thamani zote za kawaida za baiti, na char haina pa kuiweka bila kuichanganya na herufi. Niliwahi kuhamishia programu yangu moja kwenye kibao kidogo chenye prosesa ya ARM. Kwenye kompyuta ya mezani ilikuwa imefanya kazi miaka. Kule ikafika mwisho wa faili ikaganda. Kwenye mfumo ule char haina thamani hasi, kwa hiyo c haikulingana na EOF hata siku moja, na kitanzi kikaendelea kumwaga mabaki ya mstari ambao haukuwapo. Kwenye kompyuta ya mezani nilikuwa nimeokolewa na bahati tu.

Sasa nije kwenye sizeof, maana msomaji mwenzangu aliitumia vizuri lakini hakuonya. Kwenye mfano wake jina lilitangazwa hapo hapo, kwa hiyo sizeof jina ni 20. Ukiuhamishia mstari ule ndani ya fanksheni inayopokea char *jina, sizeof inapima kielekezi, yaani ile anwani tu, na kwenye kompyuta nyingi za leo kielekezi ni baiti 8. Kijana aliyekuwa kwangu kwa mafunzo kwa vitendo aliniletea programu iliyofanya hivyo. Ukiandika

    habari za asubuhi

fgets ya kwanza inakupa "habari " pamoja na nafasi yake, herufi 7. Ya pili inakupa "za asub". Ya tatu, "uhi" na mstari mpya. Yeye alikuwa ameshawishika kwamba kibodi ni mbovu, akabadilisha kibodi mbili. Ndiyo maana fanksheni yangu inadai ukubwa upelekwe kwa mkono: anayeijua bafa ni yule aliyeitangaza.

Kuna wanaosema haya yote ya nini, scanf, fanksheni nyingine ya kusomea, ipo. scanf("%s", jina) ni gets iliyovaa koti. Nayo haijui ukubwa. Ukiandika "%19s" umeiwekea mpaka, lakini itasimama kwenye nafasi ya kwanza, na mwenye majina mawili utabaki na moja. Halafu kuna ule mtego wa kila darasa: unasoma umri kwa "%d", kisha unasoma jina kwa fgets, na jina linakuja tupu. scanf ilichukua tarakimu ikaacha Enta, fgets ikaikuta Enta ikaiona ni mstari mtupu. Vijana wakifika hapo huongeza getchar kwa kubahatisha, au huandika fflush(stdin), ambayo kiwango cha C hakielezi itafanya nini kwa mkondo wa kuingizia, na kweli kwenye mashine nyingine haifanyi lolote. Mimi huwaambia wachague mlango mmoja. Kila kitu kisomwe kama mstari, kwa fanksheni moja, kisha ndipo mstari ugeuzwe kuwa namba ikiwa ni namba:

    char *mwisho;
    errno = 0;
    long kadi = strtol(bafa, &mwisho, 10);
    if (mwisho == bafa || *mwisho != '\0' || errno == ERANGE)
        puts("Hiyo si namba.");

Kama ningekuwa na mistari hiyo badala ya atoi mwaka 2003, mkia wa jina la kwanza ungekataliwa pale pale kwenye swali la kadi, na Mbili asingezaliwa.

Fanksheni yangu nayo ina kasoro, nisijifanye. Mtu akiingiza baiti ya sifuri katikati ya mstari, strcspn itasimama hapo, itadhani mstari umekatwa, na kitanzi kitamwaga mstari unaofuata ambao hauna hatia. Kwa kibodi hilo ni nadra. Kwa faili litokalo kwa watu usiowajua, lifikirie. Hapo, na popote ambapo urefu wa mstari haukadiriki, kwenye mifumo inayofuata POSIX ya 2008 (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix) ipo getline:

    char *mstari = NULL;
    size_t nafasi = 0;
    ssize_t urefu = getline(&mstari, &nafasi, stdin);

Hii hupanua bafa yenyewe kadiri mstari unavyorefuka, na hukuambia urefu wake kwa namba, kwa hiyo sifuri ya katikati haiwezi kukudanganya. Ikirudisha -1 hakuna mstari. Alama ya mstari mpya nayo huibakiza, na mwisho wa kazi lazima uite free kuirudisha kumbukumbu iliyotengwa. Ni chombo kizuri, ila haina kiasi: ukiielekeza kwenye faili la gigabaiti 4 lisilo na mstari mpya hata mmoja, itajaribu kulimeza lote. Kwa mlango unaoangalia nje, ambako yeyote anaweza kukutumia chochote, bado napendelea bafa yenye mpaka na fanksheni inayosema hapana.

Jambo moja la mwisho linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na sijaona likitajwa popote. Tumezoea kusema lugha yetu haina herufi za ajabu, kila herufi ni baiti moja. Karibu ni kweli. Andika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, utahesabu baiti 7. Liandike kwenye simu inayoipinda ritifaa yenyewe, na ukihifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, ritifaa hiyo moja inachukua baiti 3. Neno linakuwa 9. Kwa macho ni neno lile lile. Kwa strcmp ni maneno mawili tofauti, na kwa bafa ya baiti 8 moja linaingia na jingine linakatwa. fgets huhesabu baiti, haihesabu herufi, na inaweza kukata katikati ya ritifaa ikakuachia alama ya kiulizo kwenye kioo. Kwa hiyo unapotenga nafasi ya jina usihesabu herufi za jina refu unalolijua ukaongeza moja. Mimi ndivyo nilivyopata ile 24.

Namwomba mwandishi wa safu asikasirike. Naomba tu toleo lijalo lirudie somo lile likiwa na fanksheni ya kusoma mstari, na kwamba programu ya salamu, mtu akiizidishia jina, imjibu kwamba limezidi badala ya kumsalimia nusu yake.

Nilipomrudishia dada wa maktaba programu iliyorekebishwa, ilikuwa inajibu hivi: Jina limezidi herufi 23, andika tena. Nilijisikia fundi. Aliandika jina la kwanza refu, akasoma ujumbe, akashika fomu akanigeukia: "Sasa kaka, huyu nimkate jina lipi?" Sikuwa na jibu. Nilikaa kwenye kiti chake, nikabadilisha 24 kuwa 256, ukaguzi wa urefu nikauacha mahali pake, nikakompaili upya akiwa amesimama nyuma yangu na fomu mkononi.

Wako,
Msomaji wa safu ya kompyuta tangu ilipoanza